Jasho la Nani, Sadaka ya Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Siku hizi limekuwa jambo la kawaida kwamba mtu anayetaka kuwachangishia wenye shida aanze kwa kujichosha. Hutangaza kuwa atakimbia, atapanda mlima au ataendesha baiskeli masafa marefu, na watu hutoa fedha kwa sababu ya safari yake. Kwa jirani zetu Tanzania, tangu 2002 watu wanapanda Kilimanjaro katika Kili Challenge ili kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Mbio za marathoni za Nairobi zilizoanza 2003 zilifungamanishwa na matibabu ya macho ya watoto. Vyuoni nako tunayo matembezi ya hisani, mara kwa ajili ya yatima, mara kwa ajili ya wagonjwa. Tunashiriki, tunachangia, tunapiga picha, tunarudi mabwenini. Ni mara chache tunajiuliza: katika sadaka ya namna hii, jasho lina kazi gani? Na sadaka yenyewe ni ya nani, ya aliyekimbia au ya aliyetoa?

Swali hili nalileta kwenu kwa sababu linanihusu. Agosti 2022 mashindano ya triathloni ya Ironman 70.3 yalifanyika Rwanda kwa mara ya kwanza, kwetu Rubavu, mji ambao wengi wetu bado tunauita Gisenyi. Mshindani huogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, akatoka majini na kuendesha baiskeli kilomita 90, kisha akakimbia kilomita 21.1. Jumla ni kilomita 113, ambazo kwa maili ni 70.3, na ndiyo maana ya ile namba. Mimi si mwanamichezo. Nimezoea ziwa kama tunavyolizoea sote tuliokulia pale, yaani kucheza ukingoni, si kulikata kwa karibu kilomita mbili bila kukanyaga chini. Hata hivyo nimeazimia kuingia, nikiwa mgeni kabisa wa mchezo huu, na kwa njia hiyo kuwachangishia watu wa Kanama.

Kwa wasioijua, Kanama ni moja ya sekta za wilaya ya Rubavu, juu ya mji, kwenye barabara iendayo Musanze. Soko lake linalojulikana liko Mahoko. Mto Sebeya hupita huko ukitoka milimani na kuelekea Ziwa Kivu. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika Jimbo la Magharibi, Sebeya ukafurika, ardhi ya milimani ikaporomoka, na nchini kote watu zaidi ya 130 wakafariki dunia. Nyumba za Kanama zilizokuwa karibu na mto ziliingiwa na maji na matope, nyingine zikaanguka. Kwenye vyombo vya habari jambo hilo lilidumu wiki chache. Kwa aliyepoteza nyumba, mbuzi na madaftari ya watoto wake, halijaisha hadi leo.

Mama yangu mdogo anaishi huko. Nilipomweleza azma yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: “Sasa mwanangu, ukichoka wewe, aliyebomokewa anashiba?”

Hakuwa akinikejeli. Ni swali la haki, na nimeona nilijibu mbele yenu kwa sababu wengi wetu tutapita njia hii hii, kama si kwa triathloni basi kwa jambo jingine.

Tuanze na uchovu wenyewe. Je, kuna thawabu katika kujichosha tu? Wako watu ambao ndani ya nyoyo zao wanaamini ipo. Wanaona kwamba kadiri mtu anavyoumia ndivyo kitendo chake kinavyokuwa kitukufu. Lakini mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) hayakubaliani na jambo hilo. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba alimwona mzee akitembea kwa shida, ameshikiliwa na wanawe wawili. Alipouliza, akaambiwa kwamba mzee yule ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu hadi Al-Kaaba. Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na mtu kuitesa nafsi yake namna ile, akamwamuru apande mnyama. Imepokewa vilevile na Bukhari habari ya Abu Israil, aliyeweka nadhiri ya kufunga huku amesimama juani, asikae, asiingie kivulini, asiseme na mtu. Mtume (s.a.w.) aliagiza aambiwe azungumze, aingie kivulini, akae, na akamilishe saumu yake. Tazameni jinsi lilivyopambanuliwa jambo hilo moja. Saumu ni ibada, ikabaki. Jua, kusimama na kunyamaza yalikuwa mateso matupu, yakaondolewa.

Kwa hiyo siwezi kumjibu mama mdogo kwa kusema kwamba maumivu yangu yatageuka kuwa baraka kwa watu wa Kanama. Maumivu si fedha ambayo mtu anaibeba kwenda kununua rehema. Mwili una haki yake juu yetu, na mtu akiudhuru mwili wake kwa kutojiandaa hana sadaka hapo, ana kosa juu ya kosa. Ndiyo maana mgeni wa mchezo huu anatakiwa kufanya mazoezi kwa miezi, ajifunze kuogelea akiwa na mwenye kujua, apimwe na daktari, na akiona hawezi aache. Michezo yenyewe ni halali na ina kheri ndani yake. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Kinachotakiwa ni tuiite michezo kwa jina lake, tusiivalishe nguo ya ibada kwa sababu tu imetuumiza.

Baada ya uchovu, tutazame kazi. Imepokewa katika Bukhari kutoka kwa Abu Mas‘ud al-Ansari (r.a.) kwamba ilipoteremka amri ya kutoa sadaka, masahaba wasio na mali walikuwa wakienda kubeba mizigo kwa ujira ili wapate cha kutoa. Hadithi hii naipenda sana. Hapa jasho na sadaka vimeungana barabara: mtu alibeba mzigo wa mwenye mali, akalipwa, na ujira ule akautoa. Sadaka ile ilikuwa yake kwa kila hali.

Sasa linganisheni na mimi. Ukienda barabara ya Kanama siku ya soko utawakuta vijana wanasukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya viazi. Mlima ni ule ule nitakaoupanda mimi katika mazoezi. Baiskeli zao ni nzito kuliko yangu, viatu vyao ni kandambili, na hakuna mtu aliyewahi kuwaahidi faranga moja ya hisani kwa sababu wamefika juu. Lakini jasho lao limezaa kitu: gunia lililokuwa chini sasa liko juu, na atakayelihitaji atalilipia. Jasho langu halizai kitu. Nitaogelea na kurudi nchi kavu, nitaendesha na kukimbia, na baada ya kilomita 113 hakuna gunia lililosogea hata hatua moja. Fedha zitakazopatikana si ujira wangu. Zimetoka mifukoni mwa watu.

Hapa tunapata jibu la sehemu ya pili ya swali letu. Sadaka ni ya aliyetoa. Mwanafunzi aliyepunguza chakula chake cha mchana na kutuma faranga 500 ndiye mtoaji, na jina lake huenda lisijulikane na yeyote. Mimi niliyekimbia siwezi kusimama na kusema kwamba nimewajengea watu wa Kanama nyumba. Nikisema hivyo nimejitwalia amali ya mwingine. Lugha yetu ya kawaida inatuponza: fulani amekimbia, tunasema fulani ametoa mamilioni. Hakutoa. Waliotoa ni wale ambao picha zao hazimo gazetini.

Basi mimi nimefanya nini, ikiwa uchovu wangu hauna thamani peke yake na fedha si zangu? Nadhani jibu ni hili: nimekusanya macho ya watu. Mwanadamu husahau. Maafa yakitokea leo, wiki hii tunalia, mwezi ujao tuna mitihani, na mwaka unaofuata hatukumbuki hata jina la mto. Mtu anayejulikana kwamba hawezi kuogelea vizuri akisema atakata maji ya Kivu, watu hushtuka, hucheka, huuliza kwa nini. Katika kule kuuliza ndipo jina la Kanama linaporudi midomoni. Hiyo ni kazi, na haina ubaya. Mkono hautoi mpaka jicho lione au sikio lisikie.

Ushahidi wake uko katika hadithi ya Jarir bin Abdillah (r.a.) katika Sahihi Muslim. Walifika Madina watu wa kabila la Mudhar, wengi wao miguu mitupu, wamejifunika mablanketi yaliyochanika. Uso wa Mtume (s.a.w.) ulibadilika kwa alichokiona. Baada ya swala akawahutubia watu na kuwahimiza watoe. Akaja mtu mmoja katika Ansari na mfuko ambao mkono wake ulikuwa unashindwa kuubeba. Watu walipomwona wakafuatana, huyu na nguo, yule na tende, mpaka yakawa malundo mawili ya chakula na mavazi, na uso wa Mtume (s.a.w.) ukang’aa kwa furaha. Ndipo alipofundisha kwamba mwenye kuanzisha mwendo mwema hupata ujira wake na mfano wa ujira wa wanaomfuata, bila wao kupunguziwa chochote.

Yule Ansari alitoa hadharani na macho ya watu yakawa juu yake. Hakulaumiwa, bali kitendo chake kilifungua mlango. Qur’ani nayo, katika Suratul Baqara aya ya 271, inasifu sadaka ya dhahiri na kueleza kwamba ya siri ni bora zaidi kwa mtoaji. Lakini angalieni jambo moja katika simulizi ya Jarir. Tunaijua hali ya watu wa Mudhar mpaka namna nguo zao zilivyokuwa. Tunaujua mfuko na uzito wake. Jina la mwenye mfuko hatukutajiwa. Macho yalimpitia, hayakubaki kwake.

Hapo ndipo lilipo neno ninalotaka kulisema katika makala hii. Tumezoea kuzungumzia amana ya fedha: risiti, hesabu, mweka hazina. Lakini mwenye kuchangisha hupokea amana mbili, na ya kwanza ni macho ya watu. Watu walinitazama kwa sababu nilisema “Kanama”. Macho yale yamekusanywa kwa jina la Kanama na ni mali ya Kanama. Nikiyachukua na kuyatumia kwa ajili yangu, nikajaza kurasa picha zangu nikiwa na kofia ya kuogelea, nikasimulia magoti yangu, muda wangu, medali yangu, na mwisho wa habari nikaweka mstari mmoja kuhusu mafuriko, basi nimekula amana. Nimeila hata kama kila faranga imefika na risiti zote zipo. Kwa sababu fedha ile itaisha kwa mabati na sementi, ila yule mtu aliyechangia ataondoka akinijua mimi, bila kuijua Kanama, na mafuriko yakirudi hatakuwa na sababu ya kuuliza hali ya watu wa huko.

Mtu anaweza kusema: lakini watu hutoa kwa sababu wanakujua wewe, bila uso wako hakuna atakayetazama. Ni kweli. Muadhini pia hawezi kuadhini bila sauti, na sauti nzuri inasaidia. Lakini muadhini hawaiti watu waje kwake. Watu wakitoka msikitini wakiwa wamezungumzia sauti yake tu, na safu zikawa tupu, adhana ile haikufika ilikotakiwa. Anayechangisha ni hivyo hivyo. Asikike, aonekane, kisha awapeleke watu mahali.

Nani basi atajua kama nimewapeleka watu Kanama au nimewaweka kwangu? Hapa kuna mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. Abu Mas‘ud katika hadithi ile ile ya wabeba mizigo anaeleza kwamba alikuja mtu na mali nyingi, wanafiki wakasema huyu anajionyesha. Akaja mwingine na pishi moja ya chakula, wakasema Mwenyezi Mungu hana haja na pishi hii. Ikateremka aya ya 79 ya Suratut Tawba kuwalaumu wenye kebehi. Ndugu zangu, tabia hiyo ipo kwenye vyumba vya mabweni yetu. Mwenzetu akijitokeza tunasema anatafuta jina, anataka kura za uongozi wa jumuiya. Nia ya mtu ni baina yake na Mola wake. Mimi napaswa kuichunguza yangu usiku na mchana, tena kwa hofu, kwa kuwa tumefundishwa kwamba miongoni mwa wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama ni mtu aliyetoa mali yake ili asemwe ni mkarimu, na ikasemwa hivyo, akawa ameshalipwa. Ninyi hamna kipimo cha kupimia moyo wangu. Mnacho kipimo cha matendo yangu, na hicho mnayo haki ya kukitumia bila kuona haya. Nia niachieni mimi. Hesabu nidaini.

Na hesabu hiyo naieleza hapa mapema. Ada ya mashindano, viatu na matengenezo ya baiskeli, ambayo nimeiazima, havitatoka kwenye mchango. Mtu aliyetoa kwa ajili ya aliyebomokewa hakutoa ili mimi nipate tairi. Kama mchangishaji hana uwezo na anataka gharama zake zitoke humo, basi awaambie watu waziwazi kabla hawajatoa, wachague wenyewe. Na kama gharama zake zinakaribia kile anachotarajia kukusanya, ni heri alipe ile ada moja kwa moja kwa wenye shida na akae nyumbani.

Pia sitapokea ahadi za “kila kilomita faranga kadhaa”. Si kwa sababu naiona ni kamari, kwani aliyeahidi hashindani nami na hapati faida nikishindwa. Tatizo ni jingine. Mashindano haya yana kikomo cha muda, saa 8 na dakika 30, na mgeni kama mimi anaweza kusimamishwa njiani. Nikiishia kilomita ya 60, kwa nini mtoto wa Mahoko apunguziwe mabati kwa sababu ya misuli yangu? Haja yake haikupungua. Mnamkumbuka labda Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, akaanza Aprili 1980 kuivuka nchi yake kwa mbio akiwa na mguu wa bandia ili kuchangia utafiti wa ugonjwa huo. Alikimbia siku 143 na kilomita 5,373, saratani ikamrudia, akasimama kabla ya kumaliza, na 1981 akafariki akiwa na umri wa miaka 22. Hakuna aliyedai arudishiwe fedha. Watu walielewa kwamba walikuwa wametoa kwa ajili ya wagonjwa, na mbio zilikuwa ukumbusho. Tena yeye alikuwa na jambo ambalo mimi sina: alikuwa mgonjwa miongoni mwa wagonjwa, mwili wake wenyewe ulikuwa habari. Mimi nyumba yangu haikuanguka, kwa hiyo natakiwa kunyamaza zaidi kuhusu nafsi yangu.

Kuna hatari ya upande wa pili. Mtu akiambiwa asijionyeshe yeye, hukimbilia kuwaonyesha wenye shida: mama amekaa juu ya matofali, mtoto yuko uchi, kamera iko karibu na machozi. Hilo silo nililolikusudia. Katika Suratul Baqara aya ya 273 wanasifiwa mafakiri ambao kwa kujizuia kwao asiyewajua huwadhania ni matajiri. Kanama imejaa watu wa namna hiyo. Sitara yao ni sehemu ya amana. Macho ya watu yapelekwe kwenye mambo ambayo mwenye nyumba mwenyewe angeridhia yaonekane: mto unapita wapi, kwa nini udongo wa milima ile huteremka mvua ikizidi, nani bado amepanga chumba, bati moja ni bei gani, watoto wangapi wanahitaji vitabu. Ziwa nitakaloogelea ndilo Sebeya unaloingia. Mtu akijua hilo, atalitazama ziwa kwa jicho jingine, na sikuhitaji kumwonyesha chozi la mtu.

Swala nayo isisahauliwe. Mashindano huanza asubuhi, na mwenda polepole kama mimi adhuhuri itamkuta njiani. Hakuna sadaka inayosimama mahali pa fardhi. Nimeshapanga kwamba dakika nitakazosimama kuswali zimo katika muda wangu, zikinigharimu nafasi na zinigharimu. Hali kadhalika mavazi: mwanamume ana mipaka yake na dada zetu wana yao, na mavazi ya kuogelea yenye kusitiri yanapatikana. Tusianze kwa kuvunja amri ili tumalize kwa kutoa sadaka.

Limebaki jambo ambalo mama mdogo hakulisema, ila najua lilikuwa moyoni mwake. Saa zote hizi za mazoezi, mwezi baada ya mwezi, zingekuwa za jembe zingefanya nini? Tuna umuganda Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Kuna mitaro ya kuzibua, miti ya kupanda na matuta ya kuchimba katika milima ya juu ya Sebeya, na hiyo ni kazi ya kupunguza mafuriko yajayo, si ya kuyalilia yaliyopita. Hoja hii ina nguvu, na jibu langu si kuikataa. Saa za mazoezi ni michezo yangu, kama wengine walivyo na mpira wao, na siwadai watu wa Kanama shukrani kwa ajili yake. Lakini mwili uliopata nguvu kwa jina lao usikose kuonekana kwao. Nitakuwa Kanama kila Jumamosi ya umuganda katika miezi hii, na anayetaka kuja nami kutoka chuoni aje na buti. Huko hakuna wapiga picha. Huko jasho linazaa kitu, kama la wale wabeba mizigo wa Madina na wale vijana wa viazi.

Basi jibu langu kwa mama mdogo ni hili. Hapana, nikichoka mimi, aliyebomokewa hashibi. Atakayemshibisha, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, ni yule atakayetoa. Kazi yangu ni kumwita mtoaji, kumfikisha kwenye mlango wa mwenye haja, kisha kupisha. Na kila mmoja wetu mwenye kuita watu hadharani awe na sadaka yake nyingine ndogo isiyoandikwa kwenye orodha yoyote, ili moyo usije ukasahau ladha ya kutoa pasipo kutazamwa.

Nawaomba jambo moja. Mkinikuta baada ya mashindano, nikiwa nimemaliza au nimesimamishwa njiani, msiniulize nimetumia saa ngapi. Niulizeni ni nyumba ngapi zimepata mabati, nani bado hajapata, na mvua ikinyesha sasa mto uko wapi. Nikishindwa kujibu, mtakuwa mmejua ni wapi macho yenu yalipoishia.

Mwenyezi Mungu atutakabalie amali zetu, azitakase nia zetu, awarehemu waliofariki katika mafuriko yale na awape wafiwa subira na makazi bora. Amin.

Wabillahi tawfiq.